Marehemu Mwalimu Jatashankar, Aliyetafuta Asili ya Matabaka kwa Miaka Arobaini na Mitano

Ndugu wa ukoo, majirani wa mtaa wa Wabrahmani, na nyinyi wa mitaa mingine mliosimama uani kwa kutojua kama mmekaribishwa kukaa au kutazama tu, leo ni tarehe moja Desemba mwaka 2014, siku ya kumi na tatu tangu mume wangu afariki, vitamu vya ladu vimeshaviringishwa, dali iko jikoni, na mimi mjane wake, niliyesoma madarasa manne nikaolewa, ndiye nitakayewasomea maisha yake kabla hatujakaa safu ya chakula. Kazi hii ilikuwa ya mwanangu Niranjan, lakini alipoianza alijaza sifa ukurasa mzima hadi nikashindwa kumtambua marehemu, nikamnyang'anya kalamu.

Jina lake limeandikwa pale mlangoni, mtalisoma wenyewe, mimi kama mke sijalitamka kwa miaka hamsini na sita na sitaanza leo, nitamwita baba yake Niranjan kama mlivyozoea kunisikia.

Kabla sijafika alikozaliwa, niseme jambo ambalo kila aliyekaa hapa analijua na kila mmoja anatazama dari kana kwamba halijui. Jana shemeji yangu Prabhashankar, mdogo wake marehemu na kuhani wa ukoo wetu, alitangaza kwamba ikiwa Khimjibhai, rafiki wa marehemu wa tabaka la wafumaji, atakaa safu moja nasi leo, yeye na Wabrahmani kumi na mmoja aliowaalika watanyanyuka bila kugusa sahani, na Wabrahmani wasipokula siku ya kumi na tatu, roho ya marehemu hubaki njiani, haina mbele wala nyuma. Niranjan, mtu mzima mwenye mvi, akanifuata jikoni akasema, "Mama, mwache baba mdogo Khimji akae barazani, tutampelekea sahani yake, mbona amezoea." Nikamwambia jibu langu atalisikia kwenye historia, kwa hiyo vumilieni, na wale mnaohesabu mikeka badala ya kunisikiliza, nawaona.

Baba yake Niranjan alizaliwa tarehe 14 Septemba mwaka 1934 katika kijiji cha Dholkuva, wilaya ya Amreli, mtoto wa tatu wa kuhani Labhshankar Dave na mkewe Santokben, na inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, ingawa huko Dholkuva mwezi wa Septemba mvua hunyesha hata asipozaliwa mtu. Alianza shule ya kijiji mwaka 1941, na maisha yake yote alipenda kusimulia kwamba mtoto mmoja wa wafumaji alikuwa akikaa nje, chini ya dirisha, akisoma kwa kusikia, na kwamba jambo lile lilimuumiza moyo tangu siku hiyo. Nilimuuliza mara moja kama alimpa yule mtoto hata kipande cha chaki, akasema alikuwa na miaka saba. Kuanzia mwaka 1948 alisoma Kisanskriti huko Bhavnagar, akamaliza chuo mwaka 1956, wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza sikuwahi kusikia akitajwa kwa wema.

Mwezi Juni mwaka 1957 aliajiriwa kufundisha katika shule ya sekondari ya mji huu wetu wa Vagharapar, akafundisha hadi Oktoba 1992 alipostaafu, na wanafunzi wake wengi wako hapa leo, wengine ni madaktari, mmoja nasikia ni hakimu. Mnamsifu kwamba hakuwahi kuwapiga fimbo watoto wa wafumaji wala wa watengeneza ngozi, aliwarushia chaki tu, na mimi miaka yote nimejiuliza kama ile ilikuwa huruma au ni kwamba fimbo inamgusa mtu na chaki haimgusi. Sikupata jibu, na sasa silipati tena.

Tulifunga ndoa tarehe 3 Mei mwaka 1958, mimi nikiwa na miaka kumi na saba, sijamwona isipokuwa vidole vya miguu, uso wake umefunikwa na kilemba na maua. Alikuwa mume mpole, hakunywa, hakupiga, alisoma gazeti kwa sauti ili nami nisikie, na katika nyumba yake hii, kila mwezi siku tatu, nilikaa kwenye kona ya mlango wa nyuma na mkeka wangu na sahani yangu, haguswi aliyenigusa, mpaka umri uliponiondolea kazi hiyo. Juu ya jambo hilo hakukufanyika mjadala wowote barazani. Tulijaliwa watoto watatu, Niranjan mwaka 1960, Kokila mwaka 1963, na wa kiume mwaka 1966 aliyeishi siku kumi na moja, akafa siku moja kabla ya kupewa jina.

Sasa nafika kwenye kazi yake hasa, maana shuleni alikuwa akipata mshahara tu. Mwezi Agosti mwaka 1969, mvua ikinyesha, alikuja mlangoni kijana wa posta aitwaye Khimji Parmar, mtoto wa mfumaji kutoka ule mtaa wa nje ya lango la kusini, amebeba kifurushi kilichopasuka, na ndani yake kitabu kikubwa juu ya asili ya matabaka ambacho baba yake Niranjan alikuwa amekiagiza kutoka Bombay. Badala ya kukiacha mlangoni aende zake, kijana yule alisema, "Mwalimu, kitabu chako kinadanganya ukurasa wa tisa." Mume wangu alicheka, akauliza amejuaje, akajibiwa kwamba kifurushi kilipasuka Jumatatu na leo ni Ijumaa. Akaambiwa, "Basi kaa tubishane." Khimjibhai akaangalia huku na huku, kisha akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kwa sababu neno kaa halikusema wapi.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa kumi alasiri, miaka arobaini na mitano, walikutana kwenye baraza letu kubishana matabaka yalianzia wapi, na mnaokaa mtaa huu mliwasikia mkitaka msitake. Prabhashankar naye alikuwa akija, akisema kwamba mambo haya hayana mjadala, watu walitoka kwenye mwili wa Mtu wa Kwanza, Wabrahmani mdomoni, wapiganaji mikononi, wafanyabiashara mapajani na watumishi miguuni, na Khimjibhai humjibu, "Sasa sisi wafumaji tulitokea wapi, maana mwili umeshakwisha?" Baba yake Niranjan alishikilia kwamba mwanzoni yalikuwa ni mgawanyo wa kazi na tabia, si wa kuzaliwa, kwamba mtoto wa mfumaji mwenye elimu alikuwa Mbrahmani na mtoto wa Mbrahmani mjinga hakuwa kitu, kisha vizazi vya baadaye vikaharibu, na Mwingereza alipokuja na madaftari yake ya kuhesabu watu akaugandisha uharibifu ule ukawa sheria. Alisema vizuri sana, nakiri, hata ng'ombe alisimama kusikiliza. Khimjibhai alimwacha amalize, kisha akasema, "Mwalimu, Mwingereza ana dhambi zake, lakini si yeye aliyemwambia babu yako asikanyage kivuli cha babu yangu." Na siku nyingine, "Watu wachache waliupanga ulimwengu wakae kivulini, kisha wakaandika kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Mimi nafanya kazi posta, najua barua ya kughushi nikiiona."

Mimi nilikuwa nasikiliza jikoni nikichambua mchele, na niliwashuku wote. Nilimshuku Prabhashankar kwamba anatetea mdomo wa Mtu wa Kwanza kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe, maana halali njaa anayekula kwenye matanga ya watu. Nilimshuku Khimjibhai, nikijiuliza mtu anarudije kila Jumapili mahali ambapo hawezi kupanda ngazi ya tatu. Na nilimshuku mume wangu zaidi ya wote, kwa sababu ya kikombe.

Wenye umri wangu mnakikumbuka, kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu, kilichokaa kwenye kishubaka cha ukuta wa nje, tukikiita chombo cha Rama, kana kwamba kukipa jina la mungu kungekiondolea aibu. Khimjibhai alikishusha mwenyewe, mimi nikammiminia chai kutoka juu kama mtu anayemwagilia mche, akanywa, akakiosha bombani mwenyewe, akakirudisha akakifunika. Miaka ishirini na tisa baba yake Niranjan alithibitisha kwa hoja kwamba matabaka hayana msingi, na kikombe kikawa juu ya kichwa chake, dhiraa moja na nusu, kikisikiliza.

Mwezi Machi mwaka 1998, Khimjibhai akiwa karibu kustaafu ukarani wa posta, mjadala ukiwa umepamba moto, alinyanyuka, akakishusha kile kikombe, akakiweka katikati ya mkeka, akasema, "Mwalimu, unasema asili yake ni kazi. Mimi nimepanga barua za mji huu miaka thelathini na miwili, zote zimepita mkononi mwangu, na hakuna aliyezinyunyizia maji ya kuzitakasa kabla ya kuzifungua. Niambie, hiki ni kikombe cha kazi gani?" Mume wangu aliingia ndani akajifungia, na Jumapili iliyofuata kishubaka kilikuwa kitupu, Khimjibhai akakaribishwa mkekani, akapewa maji kwenye glasi ya stili, moja ya zile kumi na mbili tulizonunua kwa harusi ya Kokila. Mji mzima ulizungumza. Baba yake Niranjan akaanza kualikwa kuhutubia.

Nami ningefurahi, kama si jambo moja dogo. Mtu ambaye tangu 1958 hakuwahi kuosha hata kijiko, sasa alimletea Khimjibhai maji kwa mkono wake mwenyewe, na akinywa, anaichukua ile glasi anaiosha mwenyewe bombani. Wageni walisema, tazameni unyenyekevu. Mimi niliposikia neno unyenyekevu, nilingoja atoke kwenda sokoni, nikapindua glasi zote moja moja, na chini ya ile ya mwisho rafuni nikakuta nukta, imepigwa kwa msumari, ndogo kama punje ya ufuta. Kikombe hakikutupwa. Kiliingia ndani ya nyumba, kikavaa nguo za wenzake.

Sikusema neno, miaka mitano. Nilikuwa nimemimina chai kutoka juu miaka ishirini na tisa, na aliyemimina hana mdomo wa kumsema aliyepiga nukta. Hilo ni langu, liandikwe kwangu.

Mwezi Januari mwaka 2003 chama kimoja cha wapenda mabadiliko kilimvisha baba yake Niranjan shali ya heshima na kumkabidhi nazi, kwa kukomesha kikombe, na wakampiga picha pamoja na Khimjibhai akiwa ameshika glasi ya maji, picha ambayo ipo ukutani nyuma yenu. Alirudi nyumbani na shali begani hata ndani ya joto la jikoni. Kesho yake alipokwenda maktaba, nilitoa msumari wake kwenye kisanduku cha kalamu, nikachukua jiwe la kusagia viungo, nikakaa chini, nikazipiga nukta glasi kumi na moja zilizobaki. Sikufanya kwa huruma, msinivishe nami shali, nilikuwa nimechoka na ile yake.

Jumapili alikwenda rafuni, akapindua glasi ya mwisho, akairudisha, akapindua ya pili, ya tatu, akafika hata ya kumi na mbili, kisha akanitazama kupitia mlango, nami nikaendelea kuchambua mchele. Nikamwambia, "Mgeni ana kiu." Akachukua iliyokuwa karibu. Hakuniuliza, sikumweleza, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyejua Khimjibhai amenywea ipi. Kila Jumamosi nilizikagua kama kuna alama mpya, miaka kumi na moja, sikuiona. Huenda alibadilika, huenda alichoka, huenda alipata njia nyingine ambayo macho yangu hayakuifikia, siwezi kuapa.

Ila naweza kuapa hili. Wao walitafuta asili ya matabaka kwenye vitabu vya Kisanskriti, kwenye madaftari ya Mwingereza, kwenye mwili wa Mtu wa Kwanza, na mimi niliyaona yakizaliwa jikoni kwangu, yana ukubwa wa punje ya ufuta, baba yao ni mtu mwema, msomi, aliyempenda rafiki yake kwa dhati, na yaliishi kwa sababu aliyeyaona alifunga mdomo. Kama yalianza vingine huko zamani, anionyeshe aliyekuwepo.

Tarehe 8 Februari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anaoga, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito, akalazwa hospitali huko Rajkot siku kumi na tisa, kisha akarudishwa nyumbani kitandani. Khimjibhai, naye ana miaka sabini na zaidi na goti bovu, alikuja si Jumapili tu bali kila siku saa kumi, akamnywesha maji kwa kijiko, akambishia peke yake pande zote mbili, "Sasa hapa wewe ungesema kazi na tabia, nami ningekwambia acha hizo." Tarehe 12 Novemba mgonjwa aliinua mkono wa kushoto, akaikamata glasi, akaipindua, maji yakamwagika shukani, akaitazama nukta muda mrefu, kisha akanitazama mimi, si Khimjibhai. Alicheka au alilia, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshakufa, sikuweza kujua. Alifariki tarehe 19 Novemba saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini. Mwanawe alimwashia moto, na Khimjibhai alitembea nyuma ya jeneza hatua ishirini, kwa kuwa katika mabega yote yaliyobadilishana kulibeba, la kwake halikuitwa.

Siku ya tano ya matanga alikuja kunipa pole, nikamuuliza kama alijua juu ya ile nukta. Akasema, "Shemeji, mimi mtoto wa mfumaji. Mfumaji akipewa kitambaa hukigeuza kwanza aone nyuma. Niliiona Jumapili ileile ya kwanza." Nikamuuliza mbona uliendelea kuja. "Nilitaka kuona atachoka lini. Tena nitabishana na nani mji huu, na Prabhashankar?" Nikamuuliza kuhusu zile nukta nyingine, akasema, "Hizo nilijua ni zako. Za Mwalimu zingekaa katikati. Zako zimekwenda upande kama mlevi."

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Rajkot, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana ambaye hatukumuuliza jina la ukoo wake na ambaye mikono yake ilimgeuza mgonjwa kitandani mara sita kwa siku, naye Prabhashankar akiwa amekaa palepale hakunyanyuka. Nawashukuru walimu wenzake kwa shada na kwa hotuba, ingawa zilikuwa tatu na moja ingetosha. Nawashukuru majirani walioleta maziwa, na waliokuja kuona nani anaingia kwa mlango upi, nao wametusaidia kujua habari zimefika.

Na nawashukuru Wabrahmani kumi na wawili waliokaa mbele yangu. Mlipofika mlipewa maji, mkanywa, njia ni ndefu na jua ni kali. Kila mmoja wenu ana glasi karibu na goti lake. Pindueni.

Prabhashankar, na wewe pindua, hata kama unakunywa kwa kumimina kutoka juu, glasi ni ileile. Umekunywa maji katika nyumba hii kila Diwali tangu mwaka 2003, baada ya midomo ya Khimjibhai, kabla ya midomo yake, nani ajuaye, na tangu hapo umewaozesha watu, umewapa watoto majina, umesindikiza roho ya mama wa mtu, na hakuna mbingu iliyorudisha kazi yako. Kama kuchafuka kupo, ulishachafuka miaka kumi na moja, na roho ulizozisindikiza ukiwa mchafu zimeshafika. Ya kaka yako nayo itafika. Ukinyanyuka leo hutakuwa unakimbia chakula changu, utakuwa unawaambia watu wote hawa warudie harusi zao.

Niranjan mwanangu, jibu lako ndilo hilo. Tandika safu moja. Kokila, nenda barazani umwambie baba yako mdogo Khimji aingie, mkeka wake ni ule wa kwanza, ulio chini ya picha, na kama goti litamsumbua, mpe mto. Anayetaka kuondoka mlango uko wazi, ila aiache glasi.

Nenda basi, baba yake Niranjan, nenda na amani yako. Ubishi tutaumalizia sisi. Msumari ninao mimi.